Fahali, Gari Linalolia Kama Ng'ombe

Sekela anakaa Tukuyu. Huko, asubuhi, ukungu hushuka mpaka kwenye migomba.

Mjomba wake, Gwamaka, ana gari. Ni gari la Kimarekani la zamani sana. Ni jekundu, ni pana, na pua yake ni ndefu kama kitanda. Hata usukani wake uko kushoto. Watu wa mtaani wanaliita Fahali.

Fahali akiwashwa, vikombe vya chai vinatetemeka mezani.

Gruum, gruum, gruum.

Lakini Fahali akipiga honi, watu wote hucheka. Mjomba amemfungia honi inayolia kama ng'ombe.

Muuuuu.

"Fahali gani huyu, analia kama jike linalotafuta ndama?" huuliza Mama Ambakisye, muuza maandazi.

Mjomba hucheka naye. Kisha humnunulia Sekela andazi, na Mama Ambakisye humchagulia lile kubwa.

Siku moja ilikuwa harusi ya mama mdogo Tusekile. Fahali alifungwa utepe mweupe puani. Bibi harusi na bwana harusi walikaa nyuma. Sekela alikaa mbele, karibu na Mjomba.

Sekela alikuwa na kazi moja tu. Kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha honi, kilichofungwa mbele ya kiti chake.

Kabla hawajaondoka, Mjomba aliinama akamwambia jambo. Babu yake Lugano amefariki. Lugano ni rafiki yake Sekela, wanakaa dawati moja shuleni. Na nyumba ya akina Lugano iko njiani, baada ya kona.

Bibi yake Lugano alikuwa ametuma mtu kusema harusi isiahirishwe. Lakini huku kwetu, msafara wa harusi ukifika penye msiba, hunyamaza. Honi zinanyamaza. Matarumbeta yanashushwa. Ndivyo tunavyowapa pole huku tunapita.

"Tukikaribia kona, unaacha," alisema Mjomba. "Umenielewa, mama?"

"Ndiyo, Mjomba."

Wakaondoka.

Gruum, gruum, alinguruma Fahali. Muuuuu, ililia honi yake.

Magari mengine yalifuata nyuma. Nyuma kabisa lilikuja gari la matarumbeta. Pa-ra-ra, paa. Pa-ra-ra, paa.

Watoto walikimbia kando ya barabara. Mama Ambakisye alipunga kitambaa chake cha maandazi. Ng'ombe mmoja kwenye majani aliinua kichwa, akaitika.

Sekela alifurahi sana. Akabonyeza kitufe kwa vidole viwili. Akabonyeza kwa mikono yote miwili.

Tik.

Kitufe kikazama. Hakikurudi juu.

Muuuuuuuuuuuuu.

Sekela aliondoa mikono. Honi haikuacha. Muuuuuuuuuuuuu.

Nyuma watu walidhani ni furaha imezidi. Wakapiga vigelegele zaidi. Lakini Sekela alikuwa anaitazama ile kona. Kona ilikuwa inakuja.

"Mjomba," alisema. "Kwa akina Lugano."

Mjomba akasimamisha gari palepale, kabla ya kona. Akashuka, akafungua boneti. Waya zilikuwa nyingi, nyekundu na nyeusi, na zote zilikuwa za moto.

Muuuuuuuuuuuuu.

"Gwamaka, Fahali wako ana uchungu wa kuzaa?" aliuliza kijana mmoja kutoka gari la nyuma. Wenzake wakacheka. Mjomba hakucheka.

Machozi yalimjaa Sekela machoni. Alijaribu kukivuta kitufe kwa kucha. Kucha zake zilikuwa fupi.

Alifikiria Lugano amekaa na bibi yake, kimya, na ng'ombe anapita akipiga kelele.

Hapo mkono ukatokea nyuma ya bega lake. Ulikuwa mkono wa mama mdogo Tusekile, umepakwa hina, na umeshika pini.

Alikuwa ameichomoa kwenye shela lake. Shela likaanza kuteleza, naye akalishika kwa mkono mwingine.

"Vidole vyako ni vidogo kuliko vyangu," alisema polepole. "Jaribu, mwanangu. Taratibu."

Sekela akaiingiza pini pembeni ya kitufe. Akainua kidogo. Akainua tena.

Tik.

Kimya.

Ng'ombe amenyamaza. Sekela akapumua. Mama mdogo naye akapumua.

Mjomba alifunga boneti polepole, asiibamize. Akaenda gari moja moja, akawaambia wote kwamba mbele kuna msiba. Yule kijana aliyefanya mzaha akavua kofia. Wapiga matarumbeta wakayalaza magotini, kama watoto waliolala.

Fahali akaizunguka kona taratibu.

Gruum. Gruum. Gruum.

Palikuwa na turubai na viti vingi. Watu walikuwa wamekaa wameinamisha vichwa. Sekela aliweka mikono yake mapajani. Hakumwona Lugano.

Kwenye sherehe kulikuwa na pilau na keki. Sekela alikula kidogo tu. Je, honi ile ilisikika? Je, Lugano amekasirika?

Kesho yake, mama yake Sekela alipika ndizi, akazifunika vizuri, wakaenda kutoa pole. Sekela alijificha nyuma ya kanga ya mama.

Lugano alikuwa amekaa mkekani, karibu na bibi yake.

"Jana nilisikia ng'ombe," alisema Lugano.

Sekela alitazama chini. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba kitufe kilizama, na kwamba yeye ndiye aliyekibonyeza mno.

"Tulimsikia toka mbali," alisema Lugano. "Nikamwambia Bibi, huyo ni Sekela."

Bibi alinyoosha mkono. Akamvuta Sekela taratibu, akamkalisha upande wa pili.

"Halafu hatukumsikia tena," alisema Bibi. "Tukasikia kimya. Nikamwambia Lugano, sasa wanatupitia."

Bibi alikishika kichwa cha Sekela, akakilaza begani kwake.

"Asante kwa kile kimya, mwanangu. Kilitufikia."

Wakakaa hivyo, watatu mkekani, wakala ndizi. Lugano alimpa Sekela kipande kilicholowa mchuzi zaidi.

Jioni Sekela alinawa miguu, akapanda kitandani. Ukungu ulikuwa umerudi kwenye migomba.

"Mama," aliuliza, "kumbe kimya nacho kinasikika?"

Mama alimfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Kinasikika," alisema. "Sikiliza."

Sekela akasikiliza. Akasikiliza. Na akiwa bado anasikiliza, akalala.