Kaka Yangu Aliinyamazisha Injini

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, mkazi wa Bagamoyo. Haya ninayowasimulia, wasomaji wenzangu, sijapata kumweleza mtu kwa ukamilifu. Kila nikianza, naishia njiani... Leo nimejikaza.

Mume wangu, Athumani, alikuwa na motokaa kuukuu aliyoinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba la katani. Alikuwa akipakia abiria na makanda ya samaki wakavu kutoka Mlingotini kwenda Dar es Salaam. Ndiyo iliyotulisha. Mtoto tulikuwa naye mmoja tu, Rehema, wa miaka sita, tuliyempata baada ya mimba zangu kadhaa kuharibika.

Basi motokaa ikaanza kugonga. Ko! Ko! Ko! Ndani kabisa ya injini, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Mume wangu akikanyaga moto ndiyo inazidi. Kila mtu akawa fundi! Jirani yetu akasema petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Mwingine akasema ni vali zimelegea, hazina neno. Mume wangu akataka kuipeleka kwa fundi wa Kihindi, Dar es Salaam.

"Baba Rehema," nikamwambia, "ataonaje Kaka Seif tukimpa kazi mtu mwingine?"

Kaka Seif ni mkubwa wangu, tumbo moja. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilea na ndiye aliyenioza. Tena ufundi aliujua kwelikweli! Alikuja asubuhi, akawasha injini, akaegemeza kijiti kwenye chuma na ncha ya pili akaiweka sikioni. Akawa anachomoa nyaya za plagi, moja moja. Wa kwanza, sauti ileile. Wa pili, ileile. Alipochomoa wa tatu, kule kugonga kukafifia.

"Umesikia, shemeji?" akamwambia mume wangu. "Si petroli wala si vali. Ni beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Imelika. Ukiendelea kuiendesha, mkono utakatika na kuipasua injini."

Mume wangu akaenda Dar es Salaam kwa basi, akaleta beringi mpya, akamkabidhi. Kaka Seif akaichukua motokaa, akairudisha baada ya siku chache. Kimya! Inanguruma taratibu kama mpya. Nilimpikia pilau kaka yangu siku hiyo, nikamsifu mbele ya mume wangu mpaka nikajionea aibu. Yeye alikula kidogo tu, hakuniangalia usoni. Nilidhani amechoka...

Haukupita mwezi, Rehema akaamka na tumbo limejaa, gumu kama ubao, anatapika. Hospitali ya hapa mganga akatwambia anahitaji kupasuliwa, tumpeleke Dar es Salaam siku ileile. Tukashukuru Mungu tuna motokaa!

Nilikaa nyuma nimempakata. Tulipopita Zinga nikaisikia. Ko... ko... Nikajiambia ni masikio yangu. Nikamtazama mume wangu, nikaona ameshika usukani kwa nguvu, jasho linamtiririka shingoni. Na yeye ameisikia! Apunguze mwendo, mtoto anaishiwa nguvu. Aongeze, injini inagonga zaidi. Angefanya nini? Ningefanya nini mimi?

Karibu na Kerege kukatokea kishindo chini ya miguu yetu. Moshi, oili imemwagika barabarani, motokaa ikasimama.

Jua lilikuwa kali. Mume wangu akakimbia mbele kutafuta gari, mimi nikabaki na mtoto kwenye kivuli cha mkorosho. Wanawake wa Kerege walikuja na maji, mmoja akanifunika kichwa kwa kanga yake.

"Mama, bado mbali?" Rehema akaniuliza.

"Si mbali, mwanangu."

Hakuuliza tena. Lori la katani lilipotokea na mume wangu ndani yake, akiniita kwa furaha kwamba amepata gari... mwanangu alikuwa amekwisha kukata roho mikononi mwangu.

Kaka Seif alikuja mazikoni. Alilibeba jeneza, akalia kuliko wote. Sisi tulisema: injini ni chuma, kudura ya Mungu haina fundi.

Kisha mume wangu akaivuta motokaa mpaka kwa yule fundi wa Kihindi, ikafunguliwa mbele ya macho yake. Aliporudi alimkuta kaka yangu barazani kwetu, akamwekea kitu juu ya mkeka. Kipande cha ngozi ya mkanda, kimeungua, kimelowa oili. Ndicho kilichokuwa mahali pa beringi!

"Seif, beringi yangu iko wapi?"

Kaka yangu akakiri yote. Alikuwa akimposa binti wa tajiri mmoja wa minazi, na motokaa ya mzee yule, ya namna moja na yetu, ilikuwa na ugonjwa uleule. Mzee alikuwa na haraka ya safari. Kaka yangu akataka kujipendekeza, akamtilia beringi yetu, na sisi akatubandika ngozi ili sauti inyamaze.

"Nilikusudia kuitoa hiyo ngozi nikipata beringi nyingine," akasema. "Sikujua mtoto ataugua..."

Mume wangu hakumpiga. Alimwonyesha njia tu.

Kaka yangu alimwoa binti yule. Mume wangu hataki kulisikia jina lake, na mama yangu kila siku ananisihi nimsamehe. Idi iliyopita alikuja, akasimama mlangoni na kanzu nyeupe, akangoja nimwamkie. Maisha yangu yote nimemwamkia shikamoo yule! Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Akangoja... Nikageuka, nikaingia jikoni. Nilipochungulia, alikuwa amekwenda, nikalia kwa nini nimemwacha aende.

Wasomaji wenzangu, nawaomba! Chombo chenu kikigonga, msifurahie kunyamaza kwake. Simameni pale kinapofunguliwa, mwone cha zamani kikitoka na kipya kikiingia, hata kama fundi mmelelewa naye nyumba moja. Mimi niliona haya kumsimamia kaka yangu. Sasa sina mtoto, na kaka sijui kama ninaye.