Hatua Mia Mbili za Kugonga Mwamba

Jumamosi hiyo, jua likiwa halijapanda sawasawa, Kwanini alikuwa ameshaosha vyombo, amefagia ua na ameuliza maswali manne. La mwisho lilikuwa hili: kwa nini jogoo hufumba macho akiwika?

"Kamuulize jogoo," alijibu kaka yake huku akitafuta soksi.

Jina Kwanini msichana huyu alipewa na kaka yake huyo, na kwa jinsi lilivyomkaa, hata walimu walianza kulitumia. Kaka mwenyewe aliitwa Spidi. Alikuwa na miaka kumi na saba, na alipenda baiskeli kiasi kwamba hata akitumwa chumvi duka la jirani, lazima avae kofia ngumu kwanza.

Wote wawili walilelewa na shangazi yao, ambaye alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Tairi zilining'inia ukutani, spoki zilijaa kwenye makopo ya maziwa, na cheni chafu zililowekwa kwenye beseni lililotoboka likazibwa na kiraka cha tyubu. Mgeni akiingia alitafutiwa pa kukaa, na mara nyingi alikalia ndoo.

Lakini shangazi alikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyompendeza zaidi Kwanini. Juu ya mji palikuwa na uwanda mpana wa mawe ya chokaa, meupe, yenye mikunjo kama nguo iliyokosa pasi. Mwisho wa uwanda ardhi ilikatika ghafla, na chini kabisa mto ulipita ndani ya korongo. Njia nyembamba ya baiskeli za mlimani ilikatiza juu ya mawe hayo, ikashuka kwa kona kali hadi mtoni. Shangazi ndiye aliyeitunza njia hiyo.

Kila mvua zilipoisha, njia iligongwa. Naam, iligongwa kama mtu anavyogonga mlango. Maji ya mvua hulila jiwe la chokaa polepole kwa ndani. Juu unaona mwamba mzima, kumbe limebaki ganda tu na chini ni patupu. Kwa hiyo shangazi alibeba kipande cha nondo, akagonga kila hatua, akainama na kusikiliza. Mwamba mzima ulilia ti! Mwamba mtupu ulijibu bu! Palipolia ti, alipaka doa jeupe kwa brashi. Palipolia bu, aliihamisha njia.

Jumamosi hiyo walipofika uwandani, shangazi alimpa Kwanini nondo, brashi na kopo la rangi.

"Leo utagonga peke yako. Kuanzia jiwe hili lililopasuka hadi ukingo wa korongo. Ni hatua mia mbili. Mimi nitakuwa chini natengeneza kivuko."

"Peke yangu kabisa, shangazi?"

"Kwani masikio yako yana kasoro? Ila nisikilize vizuri, mwanangu. Mwendesha baiskeli hana muda wa kuuliza. Akiona doa, anapita. Usipake doa mahali ambapo hujapasikia."

"Nikimaliza vizuri, kesho nitaendesha na akina Spidi?"

"Ukimaliza vizuri, utaendesha."

Kwanini alianza kwa bidii. Ti! Doa. Ti! Doa. Alifika hatua ya hamsini hajainua kichwa. Kwenye hatua ya sitini aliona kitu. Pembeni ya njia palikuwa na kishungi cha nyasi kinachotikisika. Akalowesha kidole, akakiinua juu. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Sasa nyasi zinatikiswa na nini?

Alipiga magoti, akazitenganisha. Kati ya mawe palikuwa na tundu linalotosha kuingiza bakuli. Alipolisogezea uso, hewa ya baridi ilimpuliza mashavuni.

"Ala! Linapumua!" alisema peke yake.

Alidondosha kijiwe. Tak, tak, tak, kisha kimya, kisha kwa mbali: chubwi! Maji! Alidondosha cha pili, huku akihesabu. Cha tatu alikitupa kwa kukilaza, kikalia upande mwingine kabisa. Aliweka jani kavu juu ya tundu, likarushwa kama limekataliwa. Alilala kifudifudi akategesha sikio, na huko chini akasikia kitu kama watu wengi wanaonong'ona.

Alikuja kuzinduliwa na filimbi ya shangazi kutoka korongoni. Maana yake ilikuwa: maliza, tunarudi.

Kwanini alitazama mbele. Hatua mia moja na arobaini zilikuwa bado. Alishika nondo, akagonga moja, akagonga ya pili. Filimbi ikalia tena. Mwaka jana huku kote kulilia ti, aliwaza. Mwamba utaharibikaje ndani ya mwaka mmoja? Akachovya brashi. Doa, doa, doa, akatembea huku anapaka mpaka ukingoni, nondo ikiwa kwapani.

Shangazi alipanda akihema, viatu vimelowa.

"Umegonga zote?"

"Nimegonga."

"Zote mia mbili?"

"Mia mbili, shangazi."

Shangazi alimtazama, akacheka kwa furaha, akampiga kofi dogo begani. "Haya. Kesho utaendesha."

Jumapili asubuhi waendeshaji sita walikusanyika nje ya karakana. Spidi alikuwa anajaza upepo na kujitapa. "Leo juu kule sishiki breki. Njia imegongwa na mtaalamu! Wa mwisho ataosha baiskeli zote."

"Utaosha wewe," alijibu mmoja wao, dereva wa lori mwenye kitambi, na wengine wakaangua kicheko.

Kwanini alikuwa amevaa kofia ngumu. Moyo ulimdunda kwa furaha, lakini swali la tundu lilikuwa limelala naye na kuamka naye. Alimsogelea shangazi aliyekuwa anakaza waya wa breki.

"Shangazi, kwa nini tundu linaweza kupuliza baridi wakati jua linawaka?"

"Hiyo ni hewa ya pangoni," alisema shangazi bila kuinua macho. "Ukiona tundu linapuliza, ujue chini kuna nafasi kubwa. Tena haikai chini ya tundu tu. Inaweza kutambaa hatua ishirini, hata hamsini, ganda likazidi kuwa jembamba."

Kwanini alikumbuka kile kijiwe cha tatu kililia upande gani. Kililia upande wa njia, kule alikopaka bila kugonga.

"Umeliona wapi tundu?" aliuliza shangazi.

"Nimeuliza tu."

Nje, Spidi alipiga kengele. "Tunaondoka! We mtoto, unakuja au unauliza?"

Kwanini alitazama mguu wa kaka yake ukipanda kwenye pedali. Akisema, hataendesha. Akisema, watu wote hawa watajua kwamba alidanganya. Asiposema, Spidi ndiye atakayetangulia, tena bila kushika breki.

"Msiende!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sikugonga. Nimegonga hatua sitini na mbili tu. Zilizobaki nilipaka."

Spidi alishusha mguu kutoka kwenye pedali.

"Unatania," alisema Spidi.

"Sitanii. Kuna tundu pale, linapuliza. Nililichezea mpaka muda ukaisha, halafu nikasema nimemaliza. Nisamehe, shangazi. Nisameheni."

Shangazi aliweka spana chini taratibu. Hakumfokea, na hilo lilimuuma Kwanini kuliko kufokewa. Alichukua nondo tu. "Twendeni. Baiskeli mtazisukuma."

Uwandani shangazi alianza kwenye hatua ya sitini na tatu. Ti! Ti! Watu walifuata nyuma kwenye mstari. Kwenye hatua ya themanini na saba, penye doa jeupe la mviringo mzuri, nondo ililia bu!

Shangazi aliwarudisha wote nyuma. Akamwomba dereva wa lori waokote pamoja jiwe zito, wakalirusha kutoka mbali. Mwamba ulipasuka kama sahani. Palipokuwa na doa pakabaki shimo la kumeza kitanda, na baada ya muda mrefu mno, wakasikia jiwe likitumbukia majini.

Spidi alivua kofia, akajifuta jasho ambalo halikuwa la joto. "Ningekuwa wa kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

Kwanini alianza kulia. Shangazi alichuchumaa mbele yake mpaka macho yao yakalingana.

"Sikiliza, mwanangu. Kulichungulia tundu halikuwa kosa. Tena bila udadisi wako tusingejua pango limefika huku. Ungenipigia kelele: shangazi, kuna kitu hapa, sijamaliza! Ningepanda, tungelichungulia wote. Kosa lako ni kusema umemaliza kazi ambayo hujaimaliza. Kazi iliyobaki inaonekana, mtu atasubiri au atakusaidia. Lakini kazi iliyofunikwa kwa uongo, mwenzako anaikanyaga akijua ni mwamba. Leo umesema mbele ya watu, na imekuwa vigumu, niliona. Ndiyo maana sote tumesimama hapa wazima. Nyie wote mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu, hata dereva wa lori.

Walizungushia shimo mawe na kamba. Kisha shangazi alitafuta mkondo mpya, mbali na ukingo wa pango, akamkabidhi Kwanini nondo.

"Mimi tena?"

"Nani mwingine anayejua pango linaelekea wapi? Nitatembea nyuma yako. Ila leo huendeshi."

"Najua, shangazi."

Ti! Akasikiliza. Doa. Ti! Akasikiliza tena, akagonga mara ya pili kwa sababu hakuwa na hakika, kisha akapaka. Jua lilipanda. Waendeshaji walikaa juu ya mawe, wakamaliza maji yao, wakaanza kupiga miayo. Spidi alizungusha pedali kwa mkono, krrr, krrr.

"Dada mdogo, umemaliza?" aliuliza dereva wa lori.

Kwanini alitazama nyuma, kisha akatazama mbele hadi ukingoni.

"Bado," alisema. "Bado hatua sabini na moja."

Wakasubiri.