Draiva ya Kompyuta ya Irja

Kila asubuhi Tauno Kemppainen alichemsha kahawa, akapika uji wa shayiri, akakaa dirishani kutazama theluji ya Kajaani, mji wa kaskazini ya mbali. Zamani walikaa wawili. Irja, mkewe, alizungumza kwa niaba ya wote wawili, maana Tauno alikuwa bahili wa maneno. Watu wa mji ule ndivyo walivyo. Yuko mmoja ambaye nyumba yake ilishika moto, akaenda kwa jirani, akasimama mlangoni mpaka jirani amalize kunywa kahawa, asije akamsumbua. Basi Tauno alimshinda huyo.

Irja alifariki mwanzoni mwa Machi. Huko hawazikani haraka. Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki ya nne, na baada ya kutoka makaburini watu wangekunywa kahawa ya kumbukumbu katika ukumbi wa kanisa. Tauno alitaka jambo moja tu: wageni waione filamu ya mwisho ya Irja. Mama huyo alikuwa akipiga video ziwani, kisha akiziunga kwenye kompyuta yake ya mezani, inayotumia mfumo wa Linux, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta. Filamu aliimaliza. Nakala hakuwahi kuitoa. Ilikuwa mle ndani tu.

Tauno aliifungua. Picha zikawa zinakwamakwama kama gari lililoishiwa mafuta. Akasoma mtandaoni kwamba kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani kinachochora vitu kwenye skrini, inahitaji draiva yake. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi. Akaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, akaipakua, akaiweka kwa mkono wake, kama alivyozoea kwenye kompyuta ya kazini miaka ile.

Siku mbili picha zilitiririka kama maji. Siku ya tatu mfumo ulijisasisha. Alipoiwasha kompyuta tena, skrini ilikuwa nyeusi tii.

Akakaa mbele ya weusi ule siku tatu. Ilikuwa kama kufiwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu.

Siku ya nne Raili, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimletea mkate wa iliki. Raili ni fundi simu mstaafu. Kompyuta kwake ni kama sufuria: huifunua na kuchungulia. Tauno akamwambia hakuna tatizo lolote. Raili akaitazama skrini, akamtazama mwenye skrini.

"Ina siku ngapi hii?"

"Tatu."

"Na mimi niko nyuma ya ukuta huu, nakusikia hata ukipiga chafya. Ulikuwa unangoja nife na mimi?"

Tauno akasema hakutaka kumsumbua.

"Sogea, mzee. Umeshanisumbua."

Raili aliiwasha kompyuta, na kabla mfumo haujaamka akafungua orodha ya matoleo ya mfumo. Akachagua lile la zamani, lililokuwepo kabla ya usasishaji. Skrini ikawaka. Tauno akageuka ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa sweta.

Alitaka kuicheza filamu papo hapo. Raili akamzuia. Kwanza waliinakili kwenye diski ya nje, maana mwenye nakala moja hana nakala. Kisha akamweleza kosa lake.

"Draiva hii ni ya kampuni. Wameifunga, hatujui ndani ina nini. Ukiiweka kwa mkono, mfumo haujui kama ipo. Mfumo ukibadilika, draiva inabaki nyuma."

"Sasa nifanyeje?"

"Uachie mfumo wako ukuletee wenyewe. Ni draiva ileile, ila imejaribiwa pamoja na mfumo huu. Na mfumo ukisasishwa, nayo inafuata."

Waliiondoa ile ya mkono. Raili akafungua sehemu ya mfumo inayoitwa Draiva za Ziada. Mle mlikuwa na majina manne, na moja lilikuwa na alama kwamba ndilo linalopendekezwa. Raili akainuka, akamwachia Tauno kiti. Tauno akachagua, akaandika nywila, akasubiri mpaka mwisho bila kugusa kitu, akawasha upya. Skrini ikarudi.

Ijumaa ukaja ujumbe: mfumo unataka kusasishwa. Tauno akasimama, akaugonga ukuta kwa ngumi. Raili alikuja na viatu vya ndani, akasema heri waukubali waone kitakachotokea, kuliko kuogopa maisha yote. Kompyuta ikazimika. Ikawaka. Kadi ikafanya kazi kama jana. Filamu wakaitia kwenye flashi.

Jumamosi ukumbini taa zilizimwa. Kwenye skrini kulikuwa na ziwa lililoganda, na Tauno akivuta wavu kutoka kwenye tundu la barafu. Irja hakuonekana hata mara moja, maana ndiye aliyeshika kamera. Sauti yake tu: "Tauno, sema kitu basi. Mwenzio nimechoka kusema peke yangu." Tauno wa kwenye picha akatikisa kichwa, akaendelea kuvuta. Wageni wakacheka huku wakilia.

Filamu ikaisha. Desturi ni mfiwa kusimama awashukuru wageni. Tauno alisimama. Watu wakangoja, na kungoja wanakujua. Mwishowe aligeuka, akawapa wageni mgongo, akaielekea skrini.

"Nilikuwa nakusikia, Irja," alisema. "Kila neno."