Jumapili ya Baba Gati

Bernado alikuwa anafunika meza yake kwa gunia, awahi foleni ya sabuni, pale mama mmoja mzee alipoingia kibandani na redio kubwa ya mbao kichwani. Mwaka ule wa themanini na nne betri hazikuonekana Musoma nzima. Fundi redio alishinda amekaa tu, na kukaa kwenyewe kulimchosha.

"Mama, njoo kesho. Leo nimechoka."

"Hata mimi nimechoka, mwanangu. Sitaki uitengeneze. Nataka uinyamazishe."

Aliitwa Nyamburi, na alikuwa ametoka Nyegina kwa miguu. Mumewe, Baba Gati, aliyezikwa mwezi uliopita, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja hapo mjini kabla ya uhuru. Mzungu alipoondoka akamwachia redio hiyo. Ilikufa zamani. Lakini tangu mazishi ilikuwa inajiwasha yenyewe, kila kukicha.

"Asubuhi inapigaga muziki. Mchana wanaimba. Jioni wanaanza kucheka, wanacheka weee... Kila siku maneno ni yale yale. Wakianza kucheka tu, nakimbiliaga kwa shemeji. Mwisho wake sijawahi kuusikia."

Bernado akafungua kifuniko cha nyuma. Hakuna betri. Hakuna waya hata mmoja. Kiota cha panya tu, kikavu.

Kisha akasikia harufu ya vumbi linaloungua. Akagusa ubao. Ulikuwa wa moto.

Redio ikanguruma.

Zikalia tarumbeta. Mzungu mmoja mchangamfu akakaribisha wasikilizaji. Bernado, aliyefika darasa la nane, aliambulia neno Jumapili na neno London. Wakaingia wachekeshaji wawili, mmoja akiiga sauti ya mwanamke. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Katikati ya kicheko hicho, mtu mmoja alikuwa anacheka karibu zaidi. Anajibana, kama amejificha nyuma ya mlango.

"Ni yeye," Nyamburi akanong'ona.

Mlango ukagongwa. Bernado akageuka. Nje hapakuwa na mtu.

Ukagongwa tena... ndani ya redio.

"Baba Gati, toka! Mtoto hapumui vizuri. Twende hospitali."

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana. Nyamburi akajiziba mdomo. Sauti ilikuwa yake.

"Subiri," mwanamume akajibu chinichini. "Wanakaribia kumaliza. Hapa ndipo patamu."

Wazungu wakacheka. Naye akacheka.

Nyamburi akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Aliniambia mzungu alimnyima ruhusa," akasema polepole. "Miaka thelathini na moja namlaani mzungu wa watu. Gati alifia njiani, mgongoni kwangu."

Bernado akachukua nyundo. "Niivunje, mama?"

Nyamburi akainua mkono. Alikuwa anasikiliza.

Chini ya kile kicheko, karibu na ule mlango, mtoto alikohoa.

Mama akasimama. Akafungua kanga yake, akaipakata ile redio, akaibeba mgongoni na kufunga fundo kifuani.

"Mama, usiende nayo."

"Nikiiacha, nitamsikia wapi tena?"

Akaondoka ameinama, mkono mmoja nyuma, anaupigapiga ule ubao taratibu.

Wiki mbili baadaye shemeji yake, mzee Wambura, alikuja kumtafuta fundi. Alionekana hajalala siku nyingi.

"Ulimfanyia nini shemeji yangu? Haji tena kulala kwetu. Shamba ameliacha. Jioni anajifungia ndani, na wazungu wanacheka. Jana nimepiga hodi, akafungua mlango kidogo. Nikamuuliza, shemeji, unaendeleaje? Akasema mtoto amepata nafuu. Ameomba uji."

Bernado akamsogezea kigoda. "Ni huzuni hiyo, mzee. Itapita."

Wambura akatikisa kichwa.

"Nilisikia kijiko kinagonga bakuli huko ndani, fundi. Na yeye mikono yote miwili alikuwa ameshika mlango."