Ushahidi wa Mzee Sabino

Jumatatu asubuhi Remberto Loaiza, mwendesha mashtaka wa Collpani, alifungua jalada la kesi ya Urquidi akakuta ushahidi wa shahidi wake mkuu umeongezeka ukurasa.

Ijumaa aliuacha ukiwa kurasa mbili, zinazosema kwamba dereva Teodosio Limachi alionekana akitoka chumbani kwa bosi wake, tajiri wa migodi ya bati Hormando Urquidi, kisu mkononi na shati limelowa damu. Sasa zilikuwa tatu. Jalada lilishonwa kwa sindano na uzi mnene, kama yanavyoshonwa majalada yote kule, na fundo lilikuwa limekaza vile vile. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mstari mmoja tu: "Nina mengine. Leo nimechoka."

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe Remberto.

Akanusa hewa. "Nani amevuta sigara humu?"

"Nani athubutu, Mheshimiwa?" akajibu karani wake, mama Eulogia Quisbert, macho kwenye soksi aliyokuwa anafuma. Sigara zilipigwa marufuku mle ofisini kwa sababu zilishindana na manukato ya Mheshimiwa, na manukato yenyewe, jamani, yalikuwa yanaingia mlangoni kabla yake, ukawa na muda wa kujiandaa kukunja uso.

Huyo ndiye Remberto. Ametoka bondeni kwenye joto na zabibu, akapangiwa Collpani kule juu kwenye machimbo, basi akaishi kama mtu aliyeibiwa haki yake. Mji aliuita friji yenye watu. Kiaimara, lugha ya wenyeji, alikiita lugha ya kuongea na lama, wanyama wao wa mizigo, hakujifunza hata salamu, na alimkataza mkewe Ninoska, binti wa hapo hapo, kuongea lugha ya mama yake mezani kwa kisingizio kwamba inamvurugia tumbo. Nywele alipaka rangi nyeusi tii, na kila alipokuwa na hofu ya kitu akatoka jasho, rangi ilimtiririkia shingoni. Mji mzima ulijua. Ni yeye tu aliyedhani ni siri.

Kesi ya Urquidi ndiyo ilikuwa ngazi yake ya kuondoka. Televisheni zilipanda mlima kuja kuipiga picha. Aliyemchinja mzee Urquidi ni mkwewe, mume wa binti yake, na aliyekuwa hajui hilo pale mjini alikuwa bado ananyonya. Lakini mkwe ana marafiki serikalini, na alimwahidi Remberto kwamba dereva akifungwa, kiti cha mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo ni chake. Kilichopungua ni shahidi. Teodosio alikuwa kijana wa kanisani, hana adui, na hakuna mtu wa Collpani aliyekubali kumsingizia, hata wale walevi wa kudumu. Akipatikana na hatia ni miaka thelathini, hakuna msamaha.

Ndipo Remberto akamfikiria mzee Sabino.

Juu ya kabati la vielelezo, katika sanduku la kioo, alikaa mzee Sabino, yaani fuvu lake, amevalishwa kofia ya sufu na miwani myeusi, mbele yake maua na majani ya koka. Ofisi za kule hazikosi fuvu. Kesi ikikwama, polisi humwashia mzee sigara, humpachika menoni, humweleza shida kwa adabu, na mwizi hujileta na miguu yake. Jina lake kamili alilitaja mwenyewe, ndotoni kwa mama Eulogia: Sabino Ticona, mchimbaji. Hana masharti mengi. Ukimwomba kitu kwa sigara, anakifanya. Kwa hiyo watu walimwomba kwa uangalifu, kama unavyomwagiza kitu sokoni mtu asiyesikia utani.

Remberto yeye alimwomba kwa kicheko. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, ofisi tupu, amebaki na sajini Froilán Condarco, kibaraka wake, mtu aliyecheka kabla ya kuambiwa cha kuchekesha.

"Shahidi asiyeweza kuhojiwa!" Remberto alisema, akawasha sigara akaipachika kwenye yale meno. "Mzee Sabino, nakuomba uwe shahidi wangu kesi ya Urquidi. Unakubali?"

"Amekubali bosi! Mwone anavyochekelea!" Condarco alijishika mbavu.

Basi Remberto akaandika kurasa mbili kwa jina la Sabino Ticona, mchimbaji, mkazi wa huko milimani, mzee mgonjwa asiyeweza kushuka mjini. Condarco akachovya dole gumba lake kwenye wino akaligandamiza chini. Nakala ikapelekwa kwa hakimu, nyingine kwa wakili wa utetezi, na ikapangwa kwamba siku ya kesi ushahidi halisi utasomwa mahakamani kutoka kwenye jalada lenyewe.

Sasa ukurasa wa tatu. Remberto aliuchana akautia mfukoni, akajiambia ni uchovu. Kesho yake ulikuwapo tena, na wa nne juu yake. Wa nne ulisema mkwe alirudi nyumbani kwa mlango gani usiku ule, na kisu kimelala wapi: chooni kwenye nyumba ya wageni, nyuma ya tangi la maji. Akazichana zote mbili. Keshokutwa zikawa sita, na ya sita ilieleza chakula alichokula Remberto mezani kwa mkwe, samaki wa kuchoma na mvinyo, na jinsi alivyolamba vidole, na maneno aliyosema huku mdomo umejaa: "Huyu ni dereva mmoja tu, madereva ni wengi."

Rangi ya nywele ilianza kumtiririka.

"Mama Eulogia," alinong'ona, ameufunga mlango kwa mgongo wake. "Hilo fuvu... mtu akiliomba kitu kwa utani, linajua ni utani?"

Mama Eulogia aliweka soksi chini. Alikuwa ameliona jina kwenye jalada toka siku ya kwanza, akanyamaza, kwa sababu hakuna raha kama kumwangalia mtu wa aina ile akielekea shimoni na viatu vyake vya kung'aa.

"Ulimwashia sigara?"

"Nilimwashia."

"Sasa utani uko wapi hapo, Mheshimiwa? Umempa mtu kazi. Yeye anafanya kazi."

"Aache!"

"Mwambie wewe. Mimi sikumwajiri."

Condarco naye aliitwa. Alikuja amevaa glavu, akagoma kuivua, na alipoamriwa akaivua huku analia: dole gumba lilikuwa jeusi mpaka kwenye kiganja, wino ule haukukubali sabuni wala mafuta ya taa, na kila siku ulipanda kidogo.

"Lichukue hilo sanduku ukalitupe," Remberto akamwambia.

"Bosi, nifukuze kazi. Nakuomba kabisa, nifukuze." Na kabla hajafukuzwa alishapanda basi la kwenda kwa mama yake.

Mchana uliofuata, watu walipokwenda kula, Remberto alijifungia ndani na jalada, akaliweka mezani mbele yake, akaapa hataliondolea macho mpaka amjue anayeandika. Jua la mlimani liliwaka dirishani, jeupe, halina joto. Kwanza ilikuja harufu, ile sigara kali ya wachimbaji. Kisha kiti cha wageni, ng'ambo ya meza, kikalia kidogo, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mwepesi. Kisha akasikia meno yakigongana taratibu, tak, tak, kama mzee anayetafuna kitu kigumu huku anafikiri aanzie wapi, halafu kalamu ikaanza kukwaruza karatasi, na Remberto akatazama kiti, hakuna mtu, akatazama kabati, fuvu limetulia na miwani yake, akatazama mlango, ufunguo uko ndani, na mkwaruzo ukazidi kasi, uko karibu mno, uko chini ya kidevu chake, mpaka alipoinamisha macho akaona kwamba mkono unaoandika ni wake, mkono wake wa kulia wenye pete ya chuo, vidole vimekunjika kizee, vinaandika bila kutetemeka jina lake na jina la baba yake na mambo aliyoyafanya huko bondeni ambayo hakupata kumwambia hata padri, naye akaushika kwa mkono wa kushoto akauvuta, akauuma, damu ikadondokea ukurasa, na mkono ukaandika kuizunguka damu ile kama mtu anavyokwepa dimbwi njiani.

Ulipomaliza ukaweka kalamu chini. Kwa adabu.

Hakungoja. Alilibeba sanduku kwa mkono wa kushoto, akalitia kwenye buti la gari, akaendesha mpaka machimbo ya zamani kule juu, penye shimo lisilo na maji wala mwisho, akalitupa. Alisikia kioo kikipasuka huko chini, kisha kofia ya sufu ikapeperuka kidogo kwenye upepo, ikamfuata mwenyewe shimoni.

Aliporudi ofisini harufu ilikuwa imekwisha. Akafungua jalada: kurasa mbili. Mbili tu, za dereva na kisu na shati la damu. Bwana yule alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akajimiminia manukato upya.

Mama Eulogia, aliporudi, alitazama juu ya kabati, penye mraba safi katikati ya vumbi.

"Mzee yuko wapi?"

"Nimeutupa huo mzigo wenu wa mifupa. Kaandike barua ya kuomba pambo jingine la ofisi."

Mama Eulogia akashika kifua. Hapo hakuwa anafurahia tena. "Mheshimiwa," alisema polepole, sauti haizidi pumzi, "lile sanduku lilikuwa nyumba yake. Sasa kazi hajamaliza, na nyumba umemvunjia. Unadhani atakaa wapi?"

"Akakae kuzimu."

"Ametoka huko," akasema mama Eulogia, akakusanya soksi zake, akaenda kukaa ukumbini karibu na watu.

Siku ya kesi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Teodosio aliletwa na pingu, amekonda, mama yake amesimama nyuma ameshika tawi la mrehani na kichupa cha maji ya baraka. Mkwe alikaa mbele na tai ya msiba. Remberto alisimama, suti mpya, nywele zimepakwa asubuhi ile, akauinua ushahidi akausoma kwa sauti ya kupendeza, neno kwa neno, kisu, shati, damu. Mama wa Teodosio alianza kuporomoka kidogo kidogo, watu wakamshika.

Hakimu, mgeni kutoka jiji kuu, akavua miwani. "Huyu Sabino Ticona, sababu ya kutofika ni ipi?"

Remberto alifungua mdomo kusema ni mgonjwa.

"Nipo," mdomo ukasema.

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya kifua kilichoharibiwa na vumbi la migodi, na lile neno lilikuwa la Kiaimara, na yaliyofuata yote yalikuwa ya Kiaimara, kile cha wazee, kizuri, kisicho na haraka. Remberto aliubana mdomo kwa mikono yote miwili, na mikono ikateremka yenyewe, ikakaa kwenye meza, ikatulia. Macho yake tu ndiyo yalikuwa yanakimbia huku na huku usoni kama panya kwenye ndoo.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

Mkalimani wa mahakama alikuwa amepauka. "Anasema... anasema yeye ni shahidi, Mheshimiwa Hakimu. Aliombwa kwa sigara, amekuja. Anaomba radhi kwa kuchelewa, alikuwa anatafuta mdomo."

Ile sauti ikaendelea, na mkalimani akaifuata.

"Anasema huyu kijana hakuua. Muuaji ni yule mwenye tai. Anasema kisu kiko chooni, nyumba ya wageni, nyuma ya tangi. Na anasema huyu aliyemwazima mwili," mkalimani akamnyooshea Remberto kidole, "ndiye aliyeandika uongo huo, na anaona aibu kuwa ndani yake, kunanuka manukato."

Kisu kilikutwa pale pale. Mkwe alikamatwa akijaribu kuvuka mpaka amevaa sketi ya mpishi. Teodosio alitoka kwa mlango mkubwa, mama yake akimlowesha kwa maji ya baraka mpaka shati likamgandia. Na Remberto, kwa kughushi, akatiwa gereza la Collpani, kwenye chumba kinachotazama machimbo.

Ila shahidi, kazi ilipokwisha, hakuondoka.

Mkuu wa gereza ndiye aliyeogopa. Mfungwa alikuwa mpole kupita kiasi, anawafundisha wenzake nyimbo za wachimbaji waliokufa zamani, na akilala meno yanagongana mpaka chumba cha tatu. Akaagizwa mganga, mzee Gumercindo, mtu wa kweli wa kazi hiyo, na akaitwa Ninoska, maana pepo hatolewi bila ruhusa ya mwenye mtu.

Ninoska alikuja na chungu amekifunika kwa shali. Mumewe alimpokea kwa Kiaimara, akamsogezea kiti, akamuuliza habari za mama yake, akamuuliza amelalaje, akangoja jibu. Miaka kumi na saba ya ndoa hakuwahi kuulizwa amelalaje. Naye akajibu, akajikuta anasimulia, mikono inacheza, wanacheka, mpaka mganga akakohoa.

"Mama, uvumba uko tayari. Naweza kumtoa sasa hivi. Huyu mzee si mkorofi, nikimwambia aende ataenda." Akasogea sikioni kwake. "Na mumeo yumo. Mtazame jicho la kushoto. Ndilo alilobakiwa nalo."

Ninoska akainama akatazama. Uso wote ulikuwa wa mzee Sabino, umetulia, unatabasamu kwa haya. Lakini lile jicho la kushoto lilikuwa limetoka, jekundu, linampigia kope, kali, linaamrisha, kisha linaomba, kisha machozi yakabubujika upande ule mmoja tu.

"Ananisikia?" akauliza.

"Vizuri kabisa. Kila neno."

Ninoska akalitazama kwa muda mrefu. Halafu akachukua ncha ya shali, akalipangusa lile jicho kama unavyompangusa mtoto tongotongo, akalifumba kwa kidole gumba, akalishikilia hivyo mpaka likaacha kusukuma.

"Nenda nyumbani, mzee Gumercindo," akasema. "Umesumbuka bure." Akafunua chungu, akageukia lugha ya mama yake: "Karibu, baba. Kula, supu inapoa."