Shuka za Muuguzi

Asubuhi hiyo dobi aliunguza suruali ya tatu ndani ya wiki moja. Alisinzia wima, pasi ikabaki juu ya kitambaa. Mkewe alisikia harufu akiwa uani, akaja mbio.

"Baba watoto! Suruali ya bwana harusi!"

"Ina dirisha sasa," alisema dobi. "Atapata hewa."

Mke hakucheka. Unga, ile dawa ya kulevya, ulikuwa unammaliza mumewe, naye alimpenda bado. Lakini alikuwa na sharti lake: mume aache kwanza siku saba, ndipo aende kliniki ya kutibu waraibu. Aliogopa watu wangesema hajui kutunza mume. Dobi alijaribu mara nne. Kila mara, siku ya pili, mwili ulimuuma, akatapika, akaurudia unga.

Mara akaingia muuguzi wa kliniki hiyo na furushi la shuka. Mke alizishika, akaangua kicheko. Zilikuwa mbichi.

"Dada, umezifua tena?"

"Nimezisuuza kidogo tu. Zilikuwa na madoa, nikaona aibu."

"Sasa dobi wa nini? Sisi tunataka hayohayo madoa!"

Muuguzi alimgeukia dobi. "Na wewe shemeji, nakuita kila siku, huji."

"Mke wangu anasema nitakate kwanza."

Mke alizitazama zile shuka mkononi mwake. Uso ulimwiva kwa aibu.

"Kumbe na mimi nafua kabla ya kupeleka kwa dobi," alisema polepole.

"Aje hivyohivyo," alisema muuguzi. "Kuacha ghafla peke yake ndiko kunakomtesa. Tutampima, tutampa dawa ya kutuliza maumivu hayo. Atainywa kila siku mbele yetu. Siri yake haitoki."

"Na polisi?" aliuliza dobi.

"Mlangoni kuna mlinzi tu, naye anasinzia kukushinda wewe. Mimi naelekea zamu. Twende."

"Ngoja nioge kwanza."

"Huogi!" mkewe alifoka, akamshika mkono. "Twende na madoa yako!"

Dobi alianza dawa wiki hiyo. Mwezi wa pili aliteleza, akavuta. Kesho yake mkewe alimrudisha kliniki, na hakuna aliyemfukuza. Sasa ni miezi sita. Suruali zinatoka nzima, na muuguzi analeta shuka chafu bila haya.

Juzi jirani alimvuta mke wa dobi pembeni, akanong'ona, "Kaka yangu naye anavuta. Nataka nimpeleke, ila kwanza ajirekebishe kido—"

"Mlete leo," alisema mke wa dobi. "Na asioge."