Alitaka Posa Itangulie

"Ngowa, sahihi hii ni yako?"

Kanze alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha muziki, karatasi mbili mkononi. Alikwenda kuchapisha salamu za wasikilizaji wake, akakuta karatasi hizo, nakala ya barua, zimesahauliwa kwenye printa.

Ngowa akaitazama karatasi, kisha akamtazama yeye.

"Funga mlango, Kanze."

"Siufungi. Ni yako?"

"Ni yangu."

Kanze akasoma kwa sauti. Sauti hiyo wanawake wengi wa Bondeni na Kibokoni waliijua kuliko sauti za majirani zao.

"'Baada ya miezi miwili Redio Mnara ipige nyimbo zinazovuma pekee, kwa wasikilizaji wa miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano. Kipindi cha Alasiri ya Mwambao, saa nane hadi saa kumi, kifutwe.' Kifutwe, Ngowa. Mkono wako ndio ulioandika kifutwe."

Kipindi hicho kilikuwa chake kwa miaka sita. Alipiga taarab, nyimbo za kale za Mvita, na mara moja moja ngoma za Kigiriama ambazo babake alizipenda. Ngowa alikuja miaka miwili iliyopita kuwa mkuu wa muziki wa kituo, mtu mpole, wa maneno machache. Ofisi nzima ilijua kwamba wapendana. Jumamosi ya juma lile wazee wa Ngowa walikuwa wafike nyumbani kwa kina Kanze, Tononoka, kuposa.

"Tarehe hapa ni ya wiki saba zilizopita," Kanze akasema. "Wiki saba twala mahamri pamoja kila asubuhi, hunambii."

"Kituo ni chake Bwana Badawi, na alinikataza. Alisema neno likitoka nje kabla hajakutana na wenye matangazo, watakimbia."

"Mimi ni nje?"

Ngowa akanyoosha mkono azichukue karatasi, Kanze akazivuta nyuma.

"Basi nijibu hili. Ungenambia lini?"

Angeweza kusema kesho. Angeweza kusema leo jioni. Lakini Ngowa hakuwa mtu wa uongo. Ugonjwa wake ulikuwa kunyamaza.

"Baada ya Jumamosi."

"Baada ya posa."

"Ndiyo. Nilitaka posa itangulie. Niliogopa ukijua, utakataa."

Kanze akaziweka karatasi mezani taratibu.

"Yaani nikubali kwanza, ndipo nijue nimemkubali nani."

Akatoka. Kipindi chake kilikuwa kianze baada ya dakika ishirini, na alikianza kwa wakati, akawasalimu watu kama kawaida. Wimbo wa kwanza ulipokuwa ukilia akachukua simu na kuandika:

"Waambie wazee wako wasije Jumamosi."

Jibu likaja papo hapo: "Nitawaambia." Baada ya muda likafuata jingine: "Nisamehe."

Hilo la pili hakulijibu. Nyumbani aliwaambia wazazi wake kwamba wamesogeza mambo mbele, akaishia hapo.

Kesho yake asubuhi akaitwa na mwenye kituo.

"Karibu, mwanangu. Wa hali gani?"

"Njema, Bwana Badawi. Na wewe?"

"Alhamdulillah. Keti. Nasikia umeisoma barua kabla sijakwita. Makosa ni yangu." Bwana Badawi alikuwa mzaliwa wa Kibokoni, mtu wa miaka sitini, kofia yake haijapata kukaa upande. "Nakuuliza. Asubuhi hapa twapiga nyimbo za dini. Saa tatu rumba. Saa sita rege. Saa nane wewe na taarab zako. Saa kumi bongo fleva. Apendaye rumba, ikija rege hufanya nini?"

"Huhama."

"Hurudi?"

"Kesho saa tatu, labda."

"Labda! Redio yangu ni duka liuzalo mkate asubuhi na misumari mchana. Wateja wote wanipenda, na hakuna akaaye."

"Wangu hukaa."

"Hukaa saa mbili. Kisha huzima redio wakaendelea na mapishi yao." Hakulisema kwa dharau. "Sikufukuzi. Baki. Asubuhi nataka sauti yako. Nyimbo utachaguliwa, na baina ya wimbo na wimbo utasema kwa sekunde ishirini."

"Sekunde ishirini hata salamu za mtu mmoja hazimaliziki."

"Fikiri mpaka Ijumaa. Na Ngowa usimlaumu kwa uamuzi. Nilimwuliza, akanambia kweli."

"Wewe alikwambia, Bwana Badawi."

Mzee akaishika kofia yake, ingawa haikuwa imekwenda upande.

Mirriam, msomaji wa habari, ndiye aliyemnong'oneza habari za Redio Kale, kituo kipya kilichofunguliwa karibu na Kibokoni. Kilikuwa kikitafuta mtu wa kushika alasiri. Kanze akapiga simu, akaambiwa aende Alhamisi.

"Uje na saa moja ya muziki umeichora kwenye karatasi," mwanamke wa huko akamwambia. "Kila wimbo mahali pake, na utueleze kwa nini uko pale."

Jumatano jioni Kanze akaketi mezani na karatasi nyeupe. Akachora duara kama uso wa saa, akaligawa vipande, na vipande vikabaki vitupu. Miaka sita alikuwa akichagua kwa moyo: wimbo huu ukiisha, moyo wamwambia ule. Sasa aambiwe aeleze kwa nini, na moyo haukuwa na maelezo.

Akaichukua simu, akaiweka chini. Akaichukua tena, akampigia Ngowa.

"Haloo, Kanze?"

"Sikupigii kwa mapenzi."

"Sawa."

"Kesho naitwa Redio Kale. Nifundishe fomati, hii mipango ya muziki ya vituo. Zote. Kama wamfundisha mtu usiyemjua."

Ngowa akaanza, na sauti yake ikawa ile ya kazini.

"Kwanza sahau nyimbo. Uliza ni nani asikilizaye, na saa hiyo afanya nini. Ukishajua hilo, fomati yajichagua yenyewe. Nyimbo zinazovuma ni za mtu aliye na haraka. Afungua redio dakika kumi tu, na katika hizo kumi ataka ausikie wimbo aupendao. Ndiyo sababu orodha huwa fupi, nyimbo thelathini hivi, na zile kubwa hurudi kila baada ya saa mbili na nusu."

"Ndiyo sababu zachosha."

"Zakuchosha wewe, kwa sababu wewe wakaa redioni kutwa. Yeye ameshashuka garini."

Kanze akaandika.

"Endelea."

"Kuna ya watu wazima walio kazini. Nyimbo za miaka ishirini hii, zisizopiga kelele, mtu asiruke kitini kuipunguza sauti. Kuna vituo vya dini, kuna vya maneno matupu bila muziki. Kisha kuna ya zilipendwa, nyimbo za kale, nayo ndiyo waitakayo Redio Kale. Huyo msikilizaji hana haraka. Orodha huwa ndefu, mamia ya nyimbo, na wimbo wa leo usirudi juma hili. Akiusikia mara mbili atasema mmeishiwa."

"Na kupiga kila kitu, kama tufanyavyo sisi?"

"Hiyo yafaa pale palipo na redio moja tu. Zamani ilifaa. Sasa mtu ana vituo thelathini kwenye simu yake. Akija kwako ni lazima ajue atakuta nini, hata akija saa asiyoizoea."

Kanze akaacha kuandika. Alikuwa na hasira naye, na hasira haikupungua, lakini aliona kwamba maneno yale ni ya kweli. Redio Mnara ilikuwa ikifa, na karatasi ya Ngowa ilisema hivyo tu.

"Nikuulize," akasema. "Taarab moja ya kale ni dakika kumi na tano. Kwenye saa yako itakaa wapi?"

Ngowa akafikiri.

"Ningeikata. Ningepiga dakika nne."

"Ukiikata kabla ya ubeti wa mwisho, umempiga mtu kofi. Jibu la fumbo liko mwishoni."

"Basi sijui. Saa yangu haikuchorwa kwa taarab."

"Sasa hapa nitakufundisha mimi. Saa tisa kasoro, chakula cha mchana kimekwisha, vyombo vimeoshwa, mtu amejinyoosha mkekani. Hapo ndipo pa wimbo mrefu. Hana pa kwenda. Kabla yake waweka nyimbo mbili fupi, awe tayari. Na baada yake husemi neno. Waacha kimya kidogo."

"Kimya? Redioni?"

"Sekunde tatu. Wamwachia nafasi aseme 'ewaa'."

Kanze akamsikia akiandika upande wa pili. Wakaendelea hivyo, wakibishana kipande kwa kipande, mpaka duara likajaa. Mwishowe hapakuwa na la kuuliza.

"Ngowa."

"Naam."

"Ungenambia haya wiki saba zilizopita, ningekasirika siku mbili. Zingekwisha."

"Najua. Na nikiulizwa tena kuhusu kituo, nitaandika vile vile. Siwezi kukudanganya kwa hilo. Kosa langu ni kwamba nilikuficha ili nikupate."

Kanze akakata simu. Hakutaka Ngowa amsikie akilia.

Alhamisi akaieleza ile saa mbele ya watu watatu wa Redio Kale. Walipofika kwenye wimbo mrefu, mmoja akauliza kwa nini uwe mzima. Akawaeleza. Kabla hajafika nyumbani simu ikaingia: kazi ni yake.

Ijumaa akamshukuru Bwana Badawi, akaingia studio kwa kipindi chake cha mwisho. Hakuwaficha wasikilizaji.

"Leo ndiyo mwisho wa Alasiri ya Mwambao. Kuanzia mwezi ujao hapa patapigwa nyimbo za vijana. Vijana nao wana masikio, tuwaachie nafasi."

Simu ya kwanza ikatoka Kibokoni. Ilikuwa ya Bi Swafia, mshona kofia, msikilizaji wa tangu siku ya kwanza.

"Kanze mwanangu, vijana twawatakia heri. Lakini wewe waenda wapi?"

"Nipo mjini, Bi Swafia."

"Mjini wapi? Sema!"

"Kutaja redio nyingine hapa si adabu. Lakini Mvita si kubwa. Zungusha tu hicho kitufe, utanipata."

Bi Swafia akacheka mpaka simu ikakatika.

Jumamosi saa nne asubuhi, Kanze alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia hodi. Sauti aliijua. Babake, Mzee Tsofa, aliyeendesha winchi bandarini Kilindini kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, akamfungulia.

"Karibu, kijana. Wazee wako wako wapi?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja peke yangu. Sikuja kuposa."

"Marahaba. Kanze alisema mmesogeza mbele."

"Hatukusogeza. Alikataa, na alikuwa na haki. Nimekuja nikwambie mwenyewe, kwa maana najua yeye hatanisema vibaya kwenu."

Jikoni mbuzi ya nazi ikanyamaza.

Ngowa akaeleza yote: barua, wiki saba, na kwamba alitaka wazee wapokelewe kwanza. Hakujipunguzia. Mzee Tsofa alisikiliza bila kumkatiza.

"Kipindi chenyewe," mzee akauliza, "kilistahili kufutwa?"

"Kwenye kituo kile, ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakisikiliza kila siku."

"Najua, mzee."

"Hm. Angalau hunipaki mafuta." Akajikuna kidevu. "Na tajiri wako akikwambia ufiche tena?"

"Nitamwambia kwamba jambo limhusulo Kanze, Kanze atalijua. Akiona halifai, anifute mimi."

"Sasa mtakuwa redio mbili. Kila mmoja atakuwa na siri za kwao."

Kanze akatokea mlangoni, mikono imejaa nazi iliyokunwa.

"Siri za Redio Mnara sizitaki, baba. Akae nazo." Akamgeukia Ngowa. "Lakini jambo likinigusa mimi, nambia siku hiyo hiyo. Hata kama ni chungu. Hata kama ni siku ya harusi."

"Nimekubali."

"Sijasema nimekusamehe."

"Sawa."

"Wazee wako waje mwezi ujao, nikishaanza kazi. Siku hiyo nitaamua."

Mwezi ukapita. Kanze akaanza kazi Redio Kale, na Bi Swafia akampata kwenye redio siku ya pili. Redio Mnara nayo ikawa yasikika kwa kila kinyozi wa Bondeni. Ngowa alimpigia kila jioni, wakazungumza kidogo kidogo, naye Kanze akaanza tena kucheka.

Wazee wakaja na kadzama, chombo cha tembo la mnazi, kutoka Rabai, kama desturi itakavyo, na kreti ya soda kwa walokole. Sebule ikajaa. Mazungumzo yalipokwisha, Kingi, ami yake Kanze, akamwita mbele ya wote. Kikombe cha kwanza kilikuwa kimejaa, hakijaguswa.

"Mwanangu, wageni hawa wawajua?"

"Nawajua."

"Mnazi wao tuunywe, au tuwarudishie?"

Kwa desturi mnazi ukinywewa posa imekubaliwa, na msichana hujibu neno moja tu. Kanze akamtazama Ngowa, aliyekuwa ameketi nyuma ya ami zake.

"Kuna jambo linalonihusu ambalo sijaambiwa?"

Wazee wakatazamana. Mamake Ngowa akashika tama.

Ngowa akasimama. "Lipo."

Ami zake wakageuka kumtazama.

"Leo asubuhi nikiwa njiani kuja, Redio Kale wamenipigia. Wanitaka niwe mkuu wao wa muziki. Yaani mkubwa wako. Sijawajibu. Nilikuwa nikungoje tubaki wawili nikwambie, lakini umeuliza."

"Na wewe waitaka?"

"Mshahara ni mzuri, na kazi ni nzuri. Ila ni kituo chako. Sema wewe."

Kanze akafikiri, akashindwa kuzuia tabasamu.

"Kataa. Kubishana nawe nyumbani kutanitosha."

Kicheko kikavuma, hata Mzee Tsofa akajifuta macho. Ami Kingi alingoja kitulie, kikombe bado mkononi.

"Sasa, mama, wasemaje?"

"Nyweni, ami," Kanze akasema. "Nyweni."